Pilau za kwenye simu: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ubongo na kuacha

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, sio daktari, naanza na hilo ili mtu asije akanishika shati baadae. Watu wanaleta simu imejaa, tunafungua galari tujue nini kinakula nafasi, alafu mtu mzima na ndevu zake anaanza kuangalia chini kama kadondosha sindano. Ndo maongezi yalivyoanzia hapo. Nasemea video za ngono, ndo hizo tunaziita pilau, na mimi mwenyewe nilikuwa mteja wake miaka tisa, huu mwaka wa nne nshaacha, nilichosoma nimesoma kwa sababu nilitaka kujua kichwani kwangu kumeingia nini. Maswali ni yenu, majina nimeyatoa.

Kaka, huu ni uraibu kweli au ni uhuni tu tunautafutia jina zuri?

Wataalamu wenyewe wanabishana, usidanganywe na mtu anaekwambia limeisha hilo. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya magonjwa, toleo la 11, iliyopitishwa 2019 ikaanza kutumika Januari 2022, wameweka tatizo la kushindwa kujizuia kwenye mambo ya ngono, na hizi video zinaingia humo. Sema hawakuliweka fungu moja na pombe na unga wa kulevya, wameliweka na matatizo ya mtu kushindwa kuzuia msukumo wake. Wamarekani kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili cha 2013 hawakuliweka kabisa.

Mimi nasema uraibu kwa sababu ndo neno tunaloelewana barazani. Ila cha kuangalia sio jina, angalia hivi: ni miezi sita au zaidi umejaribu kupunguza mara kibao umeshindwa, kazi au ndoa au shule inaharibika na bado unaendelea, na pengine hata raha yenyewe huipati tena ila unaangalia tu. Hapo lipo.

Alafu kuna kitu wameandika ambacho naona watu wa dini sote tukisome mara mbili: kama kinachokuumiza ni dhamira tu, yani umeangalia mara moja kwa miezi miwili ukajiona umechafuka, hiyo peke yake sio ugonjwa. Inaweza kuwa dhambi, hilo nenda kwa sheikh wako au mchungaji, lakini usijiite mraibu, maana ukishajiita hivo unaanza kuishi hivo.

Sasa kwenye ubongo kinatokea nini hasa?

Hapa ntakaa kidogo maana ndo pazuri.

Watu wengi wanasema dopamini ni kemikali ya raha. Sio hivo. Kuna mtaalamu anaitwa Wolfram Schultz alikuwa anapima ubongo wa nyani wakati anawapa juisi. Mwanzoni seli za dopamini zinalipuka nyani akipata juisi. Baadae nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, seli zinalipuka kwenye TAA, juisi yenyewe ikija ziko kimya tu. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, zinashuka chini ya kawaida. Umeona? Dopamini inafundisha ubongo kufuata dalili, inakusukuma uende, sio lazima ikufurahishe ukifika.

Sasa weka hiyo kwako. Taa yako wewe ni nini? Ni saa tano usiku, wenzio wamelala, bando la usiku limeingia, mlango umefungwa na komeo. Hujafungua chochote lakini moyo ushaanza kwenda mbio na kidole kinajua kinakoenda, yani wewe unadhani umeamua kumbe ubongo ulishaondoka kitambo unakungoja mbele.

Mwaka 2014 watu wa Cambridge kule Uingereza, dada mmoja anaitwa Valerie Voon na wenzake, walichukua wanaume 19 wenye hili tatizo na 19 wasio nalo wakawaonesha video huku wanapiga picha ubongo. Wale wenye tatizo sehemu tatu za ndani ya ubongo zikawaka zaidi, na ni sehemu zile zile zinazowaka mtu wa unga akioneshwa unga. Lakini kilichonigusa mimi ni hiki, walikuwa wanazitamani zaidi video, ila hawakusema wanazipenda kuliko wenzao. Kiu imekua, utamu uko pale pale.

Sisi Tanga tumeishi na mateja, watu wa unga, tunajua arosto ni nini, yale mateso ya kuukosa. Teja hatafuti starehe, anatafuta kutoka kwenye arosto. Sisemi video ni sawa na heroini, hapana, huwezi kutetemeka na kutapika kwa kukosa video. Ila ile hali ya kutaka kitu ambacho ukishakipata unakichukia, hiyo ni ndugu moja.

Nimesoma mtandaoni kwamba ubongo unasinyaa, ni kweli?

Hiyo imetoka Berlin, 2014 pia, walipima wanaume 64 wazima wakakuta wanaoangalia masaa mengi kwa wiki sehemu moja ya ndani inayohusika na tabia na zawadi ilikuwa ndogo kidogo. Watu wakaandika "video zinakula ubongo". Waliofanya utafiti wenyewe walisema hawajui kipi kimetangulia. Ni kama hapa kwetu ukikuta waendesha baiskeli wana mapaja magumu, baiskeli ndo imewapa mapaja, au wenye mapaja ndo wanaopenda baiskeli? Kupima mara moja hakukwambii. Kwa hiyo usiogope kwamba una nusu kichwa, na usipuuze pia.

Nilianza na za kawaida, sasa naangalia vitu hata mwenyewe vinanitisha. Mimi ni mtu mbaya?

Ubongo unachoka na kitu kile kile. Pilau ya kweli ukila kila siku wiki nzima, ijumaa unaomba muhogo. Kwenye intaneti hakuna kuisha, ukichoka hii kuna nyingine pembeni, na mpya ndo inayoamsha dopamini, kwa hiyo mtu anasogea, anasogea, mpaka anajikuta mahali hakupanga kwenda. Wengi walioacha wananiambia yale mambo ya ajabu yalipungua yenyewe, na mimi yalipungua.

Lakini kuna mambo mawili sitayapitia juu juu. Kama uliposogea ni kwa watoto, hapo toka sasa hivi tafuta mtaalamu wa akili, hiyo ni kesi na nyuma ya ile picha kuna mtoto anaumizwa kweli. Na lingine ni hizi konekisheni, yani video za siri za watu zilizovuja, mnazotumiana, kwamba "kuna konekisheni ya fulani imevuja nitumie". Yule ni binti wa mtu, hakukubali. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika anaesambaza, sio lazima uwe wewe ndo umerekodi. Wewe unaona umefowadi tu kwenye grupu la mpira, sheria haioni mpira.

Mke wangu yupo kitandani na mimi sina kitu, lakini simu ikiwaka nipo fiti. Supu ya pweza nimekunywa mpaka nimechoka bro

Hahaha pweza hana kosa jamani mwacheni.

Bro, kama asubuhi unaamka mambo yamesimama na ukiwa na simu inafanya kazi, basi mishipa na damu ziko sawa, tatizo mara nyingi liko juu kichwani, ama mawazo, ama woga wa kushindwa tena, ama mwili umezoea skrini, kukaza mkono na kubadilisha video kila dakika mbili, kitu ambacho hakuna mke duniani anaweza kushindana nacho. Tafiti za kusema video zinaleta kukosa nguvu hazijakubaliana, nyingine zinaona uhusiano, nyingine hazioni. Ila kujaribu kuacha kwa miezi miwili mitatu ni bure, mkuyati sio bure.

Ila kama HATA asubuhi hakuna, hata na simu hakuna, nenda hospitali upime sukari na presha. Nasema kweli. Kuna mzee mmoja alikuwa anajilaumu video mwaka mzima kumbe ni sukari.

Punyeto inapofusha macho? Inamaliza mbegu?

Hapana. Na hapana. Wanaouza dawa za mizizi stendi ndo wanaosema hivo.

Kila Ramadhani naacha kabisa, mwezi mzima safi, Idi mosi napokea mkono wa watu, Idi pili nipo kule kule. Kwanini?

Swali hili naulizwa kila mwaka na mimi mwenyewe lilinisumbua miaka minne mitano hivi.

Fikiria mwezi wa Ramadhani unabadilisha nini. Saa ambayo huwa uko peke yako na simu, uko tarawehe. Usiku wa manane ambao ulikuwa unachat, nyumba nzima iko macho inapika daku. Marafiki wanaotuma vitu grupuni wamenyamaza kwa haya. Yani taa zote zimezimwa, sio kwamba nyani kabadilika. Idi ikiisha taa zinawashwa zote mara moja, na wewe unajiona umepona, huna hata ulinzi.

Na kuna lile la vunja jungu. Siku mbili kabla ya mwezi mtu anasema ngoja nimalizie, naaga, anaangalia usiku kucha. Nilikuwa bingwa wa hilo, na sio Ramadhani tu, kila jumapili usiku nilikuwa navunja jungu eti jumatatu naanza upya. Ukihesabu nimeaga mara mia mbili. Kila kuaga ni somo lingine kwa ubongo, unaukumbusha njia vizuri kabisa. Kama unaacha, acha katikati ya siku ya kawaida, jumatano saa nane mchana unauza mkaa, bila kuaga.

Kwa hiyo jibu: mwezi ule umekuonesha kwamba unaweza, na umekuonesha KWANINI uliweza, ila watu wanabeba la kwanza wanaliacha la pili. Baada ya Idi usiulize imani yangu imepungua wapi, uliza ile saa ya tarawehe sasa hivi nimeijaza nini.

Haya basi nianzie wapi leo hii, nipe vitu vya kufanya sio maneno

Simu isilale na wewe. Hiyo moja ina uzito kuliko nyingine zote nikizijumlisha. Ichajiwe sebuleni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha, pale sokoni zipo za bei rahisi tu, usiniambie "alamu yangu iko kwenye simu" maana hicho kisingizio nimekitumia mimi kabla yako.

Bando la usiku achana nalo. Najua ni rahisi, ndo maana.

Kwenye Androidi kuanzia toleo la 9, ingia setingi, sehemu ya mtandao, tafuta DNS binafsi, chagua kuandika mwenyewe jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com alafu sevu. Hiyo inazuia saiti nyingi za ngono kwenye simu nzima, bure, bila kuweka programu yoyote. Haizuii kila kitu, telegramu na watsapu ziko nje ya hapo, na ukiwasha VPN inaweza kurukwa. Najua utajua jinsi ya kuitoa. Lengo sio ukuta wa gereza, lengo ni zile sekunde thelathini za kuhangaika kuitoa, ndani ya hizo akili ya mbele inapata muda wa kufika. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndo breki yako, na breki inachelewa kuliko mafuta, tena ukiwa hujalala au una njaa au umegombana na mtu ndo inachelewa zaidi. Vijana wa chini ya miaka ishirini na tano hivi breki yenyewe bado inajengwa.

Toka kwenye magrupu. Usiage, usiandike risala, toka tu.

Alafu kwa wiki moja kabla hujajipa adhabu yoyote, andika kwenye karatasi kila ikitokea: saa ngapi, uko wapi, kabla ya hapo kulikuwa na nini. Ya kwangu ilionesha kitu ambacho sikutegemea, kwamba sio usiku tu, ni kila siku ambayo mteja kanidhulumu hela. Nilikuwa nadhani nina tamaa kumbe nina hasira.

Hamu ikija kama mafuriko nifanye nini?

Watu wa pwani tunajua, maji yakijaa husukumani nayo, unangoja yapwe. Hamu inapanda, inafika juu, inashuka yenyewe, mara nyingi ni dakika chache, ikikomaa sana labda nusu saa. Tatizo hujawahi kuiacha ifike mwisho, siku zote unaikatisha kwa kuilisha, kwa hiyo ubongo unaamini haishi mpaka ilishwe. Iangalie, sema "hii hapa imekuja, iko kifuani, sasa iko tumboni", toka nje ya chumba, nenda barazani hata kama huna la kusema, kunywa kahawa na kashata usikilize wazee wanabishana Coastal na Simba. Usikae chumbani kupigana nayo kwa kusema siwazi siwazi siwazi, hapo ndo unawaza.

Ni kweli zikifika siku 90 ubongo unarudi mpya?

Namba hiyo imetoka kwenye makundi ya watu wa mtandaoni, sio maabara. Kitu cha karibu ninachokijua ni utafiti wa chuo kimoja London, UCL, waliangalia watu 96 wanaojenga tabia mpya, kama kunywa maji au kutembea, wakakuta kwa wastani ni siku 66 tabia ikaanza kwenda yenyewe, lakini kuna aliechukua 18 na kuna aliekadiriwa 254. Tena walikuta kuruka siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo wewe na jirani yako msishindane.

Na njia ya zamani haifutiki. Inaota majani tu kama njia ya shamba la mkonge lililoachwa, ukipita mara mbili tatu inaonekana tena.

Wiki ya tatu sasa, sina hamu ya kitu chochote, hata mke, nimeharibika?

Wengi wanapita hapo, mimi pia, nilikuwa kama redio isiyo na betri. Ilirudi taratibu. Ikiambatana na kukosa usingizi na kuwaza kufa, hiyo sio ya kungoja, nenda hospitali.

Nilifika siku 41, jana nimeanguka, nikaona bora nimalizie usiku mzima

Kosa la kwanza lilikuwa dakika kumi. Usiku mzima ulikuwa ni aibu. Wataalamu wa ulevi wameliona hili muda mrefu, mtu akishasema "nshaharibu" anafungulia bomba lote. Baiskeli ikipata pancha tairi moja huchukui msumari ukatoboa na la pili. Siku zako 41 hazijaenda popote, ubongo haujui kalenda yako. Rudi kwenye ile karatasi, andika jana saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, basi, lala.

Kaka samahani, mimi ni mke. Nimekuta kwenye simu ya mume wangu. Ni mimi simtoshi?

Dada yangu, hapana. Wengi walianza kabla hawajakujua, mimi nilianza na miaka kumi na sita kwenye kibanda umiza, mechi ikiisha mwenye kibanda anafunga mlango anaweka nyingine. Ukiwa mnene ukiwa mwembamba, ukivaa kanga moja ukivaa dera, kile kitu hakishindani na wewe, kinakimbilia upya tu.

Ila maumivu yako ni ya kweli, usiambiwe "wanaume wote wako hivo". Mwambie ukiwa umetulia, sio mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe, mwambie ulichokiona na ulivyojisikia, alafu muulize kama anataka kuacha. Usiwe askari wa simu yake, utachoka wewe na yeye atajifunza kuficha vizuri zaidi. Na kama anakulazimisha ufanye anayoyaona kule, hilo sio swali la uraibu tena, hilo ni kukudhulumu, tafuta mtu wa kukusaidia.

Mwanangu wa miaka 13 nimemkuta na simu yangu. Nimchape?

Mama yangu usimchape. Ukimchapa hatojifunza kuacha, atajifunza kwamba kwako hakuna pa kusemea, na siku mtu mzima akimtumia picha chafu akimtisha hatokwambia. Kaa nae jikoni, wakati mnakuna nazi hivi ambapo hamtazamani usoni, muulize ameona nini, nani kamuonesha, muambie zile ni maigizo ya watu wanaolipwa na sio hivyo watu wanavyopendana. Alafu kwenye watsapu yako zima kule kushusha picha na video zenyewe, maana nusu ya watoto ninaoletewa hapa waliona kwenye magrupu ya wazazi wao, hilo mtanisamehe ila ndo ukweli. Ukishindwa kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

Mbona mnaongea kama ni wanaume tu? Mimi ni binti

Umenishika. Wapo, na wanaumia zaidi kwa sababu mwanaume akisema watu wanacheka, binti akisema anaitwa majina. Yote ya juu yanakuhusu, badilisha pweza tu.

Niongee na nani hapa Tanga?

Mtu mmoja anaekujua na asiecheka. Huyo kwanza. Hospitali ya rufaa ya Bombo ndo pa kuanzia, ukifika mapokezi sema unataka huduma ya afya ya akili, huna haja ya kueleza zaidi pale dirishani. Na usiogope eti utapelekwa Lutindi, ile ya Korogwe milimani, hatupelekwi huko kwa jambo hili, huo ni utani wa barazani.

Tiba yenyewe ni maongezi. Kuna utafiti Marekani wa wanaume 28 waliopewa vikao 12 vya kufundishwa kuikubali hamu ipite bila kuifuata na kurudi kwenye mambo wanayoyathamini, wakapunguza kuangalia kwa sehemu kubwa sana kuliko wenzao waliokuwa wanangoja zamu. Ni wachache hao 28, lakini ndo kitu kile kile nilichokuwa najifunza kwa kuanguka. Dawa zipo ambazo madaktari wengine wanajaribu, hizo ni za daktari, usinunue dukani.

Ntakwambia ukweli, mara ya kwanza nilipoenda kusema, zahanati moja siitaji, yule nesi alimwita mwenzie aje asikie. Nilitoka nikakaa mwaka mzima mwingine. Ikikutokea hivo ujue umekutana na mtu mmoja asiejua kazi yake, nenda kwingine kesho yake, usikae mwaka kama mimi.

Na wewe fundi, umepona kabisa?

Juzi mvua ilikuwa kubwa, umeme umekata, saa sita usiku, siku hiyo mteja kanirudishia simu anadai nimemuibia kioo. Zote zile taa zimewaka pamoja. Simu yangu inalala sebuleni kwa mama, ndani ya kabati la vyombo. Nilifika mpaka pale nikashika kitasa. Sasa lile kabati mlango wake unalia kama mbuzi, nilikuwa nimepanga kuupaka mafuta tangu mwaka juzi, na mama usingizi wake mwepesi.

Sijaupaka.